Mwalimu Hakai Darasani

Viti vya walimu shuleni kwetu niliviondoa mie. Nakiri mapema, mtu asije akaanza kunionea huruma kabla ya wakati wake. Hakuna waraka uliotoka wilayani, hakuna mzazi aliyelalamika. Nilisimama mwenyewe kwenye kikao cha walimu, miaka mitatu iliyopita, nikiwa ndiyo kwanza nimepewa cheo cha mwalimu wa taaluma, na cheo kipya mnakijua, kinawasha kama upupu. Nikasema mwalimu anayefundisha amekaa hafundishi, anapumzika kwa mshahara wa serikali. Nikasema, na nikarudia ili iingie vichwani, kwamba mwalimu hakai darasani. Walimu vijana wakapiga makofi. Mwalimu mkuu, ambaye hapendi ubishi saa ya kula ikikaribia, akasema haya, ipite. Viti vya madarasa yote vikabebwa hadi stoo ya vitabu, na muhtasari wa kikao nikauandika mie, kwa mwandiko wangu wa mviringo ninaojivunia tangu chuo cha ualimu.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mama mtu mzima aliyebakiza miaka michache astaafu, na kikao kizima alikuwa anamenya chungwa. Kesho yake akaja shuleni na stuli ya plastiki ya bluu, kaitundika mkononi kama kikapu cha sokoni. Azimio la kuondoa viti lilisema viti, halikusema stuli. Jamani, nilichukia! Nikampachika jina, Mwalimu Stuli, nikawa nalitaja ofisini, na kwa kuwa mdomo wangu hauna kufuli, likafika mpaka kwa watoto. Siku moja nikapita dirishani kwake nikamkuta amekaa, watoto wanasoma silabi. Nikaingia.

"Mwalimu, hebu simama," nikamwambia, mbele ya watoto. "Watoto wanakuangalia."

Akanitazama. Akaweka mkono ukutani, akanyanyuka taratibu, akasema, "Haya, mwalimu." Mwisho wa mwaka akastaafu kwa hiari, kabla ya muda wake. Tukamchangia kitenge na seti ya vyombo, na risala ya kumuaga nikaisoma mie. Ilikuwa ndefu, na niliisoma nimesimama mwanzo mpaka mwisho.

Sasa sikilizeni Mungu anavyofanya kazi zake.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokatika, mbu wa huku Chamazi wakanipa homa ya dengue. Nililala wiki mbili, mifupa inauma mpaka nywele. Nilipopona nikarudi kwenye darasa langu la nne, watoto tisini na kitu, darasa ninalolipenda kuliko ninavyolionyesha. Wakasimama wote, "Shikamoo mwaaalimu!" Nikaitika, nikawaambia wakae, nikageukia ubao niandike tarehe. Sijafika kwenye mwaka, moyo ukaanza. Ulikuwa unakwenda kama cherehani ya fundi wiki ya Idi. Mikono inatetemeka, ubao unasogea, jasho jembamba linashuka mgongoni, na mie nimeshika chaki najifanya natafakari.

Kwanza nikailaumu chai ya tangawizi, nikaiacha. Kisha nikasema ni njaa, nikala mihogo miwili ya kukaanga kabla ya kipindi, ikawa mbaya zaidi. Baada ya hapo nikaanza kuchunguza dhambi zangu, lakini orodha ikawa ndefu, nikaiahirisha. Nilichokiona wazi ni kwamba nikilala, moyo umetulia. Nikikaa, umetulia. Nikisimama tu, mbio.

Naishi na mama yangu mzazi, mtu wa Masasi, ambaye ana presha ya kupanda miaka mingi na kwa hiyo ndiye daktari wa mtaa wetu. Mtu akijikwaa, mama anasema presha. Jirani akigombana na mumewe, mama anasema wampime. Mashine ya kupimia hatuna, ila mama ana mkono. Akaniwekea mkono kifuani wakati nimesimama mlangoni, akatikisa kichwa.

"Presha hiyo, mwanangu. Imepanda mpaka juu."

Siku hiyo hiyo chumvi ikahama jikoni kwetu. Nikala mchicha bila chumvi, kisamvu bila chumvi, dagaa walioroweshwa mpaka wakasahau kwamba waliwahi kuwa dagaa. Asubuhi kitunguu swaumu kibichi, mchana juisi ya choya, eti inashusha presha, jioni choya tena. Na maji sikuwa nanywa, maana sie walimu wa kike tuna ufundi wetu: choo cha walimu ni kimoja, ufunguo anakaa nao mwalimu mkuu, na kwenda kuuomba ni sawa na kutangaza safari. Kwa hiyo unajifunza kukaa na kiu toka asubuhi mpaka kengele ya kutoka. Nilikuwaga najisifia jambo hilo, eti ni nidhamu.

Hayo yote yangekuwa ujinga wa kawaida. Lakini mama alikuwa na vidonge vyake, vile vya kutoa maji mwilini, alivyoandikiwa yeye hospitalini. Akanigawia, kwa upendo kabisa, nusu kidonge kila asubuhi. Na mie, mwalimu wa sayansi, ambaye kila mwaka nasimama mbele ya watoto nawaambia dawa ya mwenzio si dawa yako, nikaipokea kwa mikono miwili nikameza. Siku nne nzima nilimeza, na sikuishia hapo. Nikipanda ngazi mbili za ofisini nilikuwa nafika juu kama mtu aliyetoka Masasi kwa miguu, na bado nikawa najiambia dawa inafanya kazi.

Siku ya tano ilikuwa Jumatatu, na zamu ilikuwa yangu. Jumatatu ndiyo siku ya kupandisha bendera, na mwalimu wa zamu ndiye anayesimama mbele mstarini. Nikawaonya watoto kwa ile sauti yangu ya zamu. "Bendera ikipanda, hakuna kutikisika. Hata nzi akikutua puani, hutikisiki. Nimeeleweka?" Wakajibu umeeleweka. Wakaanza kuimba. Mie nimesimama kikakamavu, mikono ubavuni, jua la saa moja na nusu linanichoma usoni. Moyo ukaanza mbio zake, nikaupuuza. Masikio yakaanza kulia kama mafuta kwenye kikaango. Bendera ikawa ya njano yote.

Kilichofuata ni kwamba naangalia mawingu, nimelala chali kwenye mchanga, na nyuso za watoto zimenizunguka. Kisha sauti moja ndogo ikasema, kwa masikitiko ya kweli:

"Madam ametikisika."

Wiki hiyo nilipongezwa na walimu watatu kwa ujauzito ambao sikuwa nao. Mmoja akanishauri nikasomewe, maana kuna jini linalopenda watu wenye vyeo. Mwalimu mkuu hakusema chochote mpaka Jumatano, aliponiita ofisini kwake. Ni mtu mpole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Mwalimu, la nne wana mtihani wa upimaji mwaka huu," akasema. "Sitaki watoto wakae wanakuangalia wewe badala ya ubao, wanasubiri utaanguka lini. Nakupa wiki mbili. Nenda hospitali. Ukirudi ukaweza kumaliza kipindi salama, darasa ni lako. Usipoweza, nampa mwenzako, wewe utanisaidia stoo ya vitabu."

Stoo ya vitabu! Lile darasa nililichukua likiwa la tatu, nusu yao wanasoma kwa kuunganisha herufi kama wanatembea gizani. Nilikuwa nimeshafika mahali mtoto anasoma hadithi nzima na wenzake wanacheka panapochekesha. Stoo apewe mtu mwingine, darasa langu silitoi kwa mtu. Nililia chooni, baada ya kuomba ufunguo.

Daktari niliyempata alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni. Nikamwambia nina presha. Akasema tutaona. Akanipima damu kama imepungua, akanipima moyo kwa ile mashine ya nyaya, akasema huko kote salama. Kisha akanilaza kitandani kimya kama dakika kumi, akapima mapigo. Sabini na sita. Akapima na presha, ya kawaida kabisa. Nikafurahi, nikadhani tumemaliza.

"Sasa simama," akasema. "Usiegemee, usiongee, usichezeshe miguu."

Mwalimu akisikia mtihani, anataka kufaulu. Sikujua kufaulu maana yake nini hapo, lakini nilikuwa na nia. Nikavuta pumzi ndefu ndefu. Nikaanza kuhesabu jedwali la saba kimoyomoyo. Kisha nikasogea nyuma kidogo kidogo, nikaegesha makalio ukutani.

"Mwalimu, toka ukutani."

Nikatoka. Dakika ya pili mapigo mia na kumi. Dakika ya tano mia na ishirini na moja. Kufikia ya kumi ilikuwa mia na ishirini na saba, miguu imejaa kama nimevaa viatu vya zege, na jedwali la saba lilikuwa limenipotea kwenye saba mara sita. Presha wakati wote huo haikupanda, wala haikuanguka. Akanikalisha, akanipa maji.

"Huna presha," akasema. "Ukisimama, damu inateremka, inakaa miguuni na tumboni. Kawaida mishipa inajibana, inairudisha juu. Ya kwako imezubaa, na inawezekana ile homa ndiyo imeiharibia mpango, inatokeaga baada ya homa kubwa. Sasa moyo unaona damu inayorudi ni kidogo, unakimbia kufidia."

"Kwa hiyo moyo wangu mbovu?"

"Moyo wako mzima. Ni kama mwalimu mmoja aliyeachiwa madarasa mawili. Anakimbia huku na huku, lakini kosa si lake."

Ugonjwa una jina refu la Kizungu ambalo watu wamelifupisha wakaliita POTS. Nikaliandika kwenye daftari, nikalipigia mstari. Kisha akaniuliza, kwa kupita tu, natumia nini nyumbani. Nikamweleza yote kwa fahari ya mgonjwa mtiifu: chumvi nimeacha, choya nakunywa, maji sinywi sana, na kidonge cha kutoa maji nusu kila asubuhi. Akaweka kalamu chini.

"Nani aliyekuandikia?"

"Mama."

"Mama ni daktari?"

"Hapana. Ana mkono."

Hakucheka. Akanieleza taratibu, kama ninavyomweleza mtoto aliyekosa hesabu ileile mara ya tatu, kwamba mwili wangu ulikuwa unalilia maji na chumvi, na mie nilikuwa naukamua. Vidonge niache leo. Maji ninywe lita mbili mpaka tatu kwa siku, kidogo kidogo, nianze kabla sijatoka kitandani. Chumvi nirudishe na niiongeze kidogo, kwa sababu presha yangu si ya kupanda na yeye atakuwa ananipima. "Lakini mama yako asiiguse," akasema. "Hii ni dawa yako, kwake ni sumu. Msigawane tena chochote." Nivae soksi za kubana mpaka mapajani. Nile kidogo kidogo, si sinia zima mara moja. Nisiruke kutoka kitandani, nikae kwanza ukingoni, nichezeshe miguu, ndipo ninyanyuke. Nifanye mazoezi nimelala, ya kupiga miguu, niongeze polepole. Itachukua miezi, akasema, lakini wengi wanapata nafuu.

"Na ufundishe umekaa," akamalizia.

"Hilo haliwezekani, daktari."

"Kwa nini? Shule yenu haina viti?"

"Vipo. Vimekatazwa."

"Na nani?"

Nikaangalia darini. Palikuwa na feni, haizunguki.

Nyumbani ikawa msiba. Mama aliposikia habari ya vidonge, alikaa chini kwenye mkeka, akafunika uso kwa khanga. "Ningekuua mwanangu kwa mkono wangu," akasema, na akalia kweli, na mie nikalia kwa kumwona analia. Nilimwambia mkosaji ni msomi aliyemeza, si mama aliyegawa, na ndivyo ninavyoamini mpaka leo. Kuanzia siku hiyo tukapika sufuria mbili, ya kwake na ya kwangu, na mama akawa anaiangalia ya kwangu kama mtu anayeangalia mbwa asiyemjua. Asubuhi nalala chali kwenye mkeka napiga miguu hewani. Jirani aliniona kupitia mlangoni, akauliza kama nasomea kuogelea. Soksi nazo, Mungu anisamehe. Kuvaa soksi za kubana mpaka mapajani katika joto la Dar es Salaam ni kazi ya watu wawili na ugomvi mmoja. Nikimaliza kuzivaa inabidi nipumzike, na nikishapumzika nimeshachelewa.

Lakini nafuu ilianza. Mwalimu mkuu nilimwomba ufunguo wa choo wa kwangu mwenyewe, akanichongea bila maswali. Nikatembea na chupa yangu ya maji ya lita moja na nusu. Nilifuata kila alichosema daktari, isipokuwa kimoja. Kukaa sikukaa. Nitakaaje, na walimu wote wananijua? Nikaanza hila. Nikizidiwa, nadondosha chaki makusudi, nachuchumaa kuitafuta mpaka moyo utulie. Au napiga goti pembeni ya dawati la mbele, nasahihisha daftari la mtoto mmoja kwa makini ya ajabu. Au nabana mapaja nimepishanisha miguu, kama mtu aliyesahau ufunguo wa choo. Mtoto mmoja wa mbele akaniambia kwa huruma, "Madam, chaki zako zinaangukaga sana siku hizi." Nikamwambia ni chaki za bei rahisi.

Wiki ya pili, Jumanne, saa sita mchana, bati linatoa joto kama tanuri, nilikuwa naandika mafumbo ya hesabu. Nikafika la tano. Nikaona la nne linapanda juu ya la tatu. Nikageuka ili niegemee ubao, na mgongo ukateleza, nikateremka nao polepole mpaka sakafuni, huku nafuta mafumbo yote matano kwa blauzi yangu nyeupe. Sikuzimia. Nilikaa pale chini, miguu nimenyoosha, watoto tisini wananiangalia kwa mshangao. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema jamani naumwa. Mie nikasema, kwa sauti yangu ya darasani:

"Leo tunafanya hesabu chini. Shukeni."

Wakashuka! Wakajaa chini ya madawati na daftari zao, wengine wamelala kifudifudi, wanafurahi kama siku ya michezo. Na mwalimu mkuu, ambaye alikuwa anapita kukagua, akachungulia dirishani akaona darasa tupu. Madawati yapo, mikoba ipo, watu hakuna. Akaja mbio mpaka mlangoni. Nikamsikia anasema "Yarabi!" kabla hajatazama chini.

Ofisini kwake sikungoja aniulize. Nikamwambia daktari kasema nifundishe nimekaa.

"Kaa basi!" akasema. "Nani kakukataza?"

Nikatazama kabati la mafaili. Akaelewa, akanyanyuka, akavuta faili la mihtasari, akalamba kidole akafunua, akafunua, akafika. Akanisomea mwandiko wangu mwenyewe wa mviringo. Azimio namba mbili. Mwalimu hakai darasani. Limepita kwa kauli moja.

"Haikuwa kauli moja," nikasema. "Mtu mmoja alikuwa anamenya chungwa."

Akafunga faili. "Ijumaa kuna kikao. Simama ulifute. Ukilifuta, kaa na darasa lako mpaka wafanye mtihani. Ukiona aibu, Jumatatu stoo."

Nikaenda nyumbani kuandika hoja. Niliandika "walimu wenye changamoto za kiafya", nikafuta. Niliandika "kwa kuzingatia mazingira ya sasa", nikafuta. Kila nikishika kalamu naona mkono umewekwa ukutani, naona mtu mzima ananyanyuka mbele ya watoto wadogo kwa sababu nimemwamuru. Siku zote tatu nilizungukwa na ule mkono. Alhamisi jioni nikapanda bajaji nikaenda Gongo la Mboto, alikokuwa anaishi.

Nilimkuta barazani anachagua mchele kwenye ungo, amekaa juu ya stuli ya bluu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu." Hakuonyesha kushangaa. Akaweka ungo chini, akaweka mkono ukutani, ule ule, akanyanyuka taratibu, akanisogezea stuli. "Karibu kiti."

"Hapana mwalimu, kaa tu, mie nitasimama."

"Mgeni hasimami kwangu."

Nilikuwa nimetoka barabarani mpaka pale kwa miguu, moyo unadunda mpaka kwenye meno. Nikakaa. Yeye akasimama, ameegemea nguzo ya baraza. Nikamweleza kila kitu nikiwa nimekaa kwenye stuli yake, kuanzia dengue mpaka blauzi iliyofuta hesabu, na nikamwomba radhi.

"Kwa hiyo umekuja kwa sababu umeumwa," akasema.

"Ndiyo."

"Usingeumwa?"

Nilitaka kutunga jibu zuri. Nikashindwa. "Nisingekuja, mwalimu."

"Angalau hujanidanganya." Akatazama barabarani. "Mie ilikuwa nyonga. Nikisimama muda mrefu ilikuwa kama mtu ananichoma msumari. Hukuuliza." Kisha mdomo wake ukacheza kidogo. "Nilijua utazeeka kama sie. Ila sikujua utawahi hivi."

Nikacheka, akacheka na yeye, nikadhani yamekwisha. Nikaanza kumwambia habari ya kikao cha kesho. Akanikata.

"Wale wangu wa la kwanza, wako la ngapi sasa? Watakuwa la nne."

"La nne, mwalimu. Ndio wangu."

"Aah." Akanisogelea. "Yule wa kike alikuwa haoni ubaoni, umemkalisha mbele?"

"Yuko mbele." Ndiye yule wa chaki zinazoangukaga.

"Wale mapacha, bado wanajibu kwa pamoja?"

"Mpaka kesho."

"Na yule anayeandika kwa mkono wa kushoto? Hamjamlazimisha?"

"Hatujamlazimisha."

"Mmoja alikuwa hasemi kabisa, mwaka mzima. Nilikuwa namkalisha miguuni pangu, pembeni ya stuli, maana hapo ndipo alipokuwa ananong'ona silabi. Nilitaka nimfikishe la pili tu nimsikie anasoma sentensi moja. Anasoma?"

Anasoma. Ndiye anayesoma hadithi wenzake wakacheka. Kabla sijamjibu nikaitazama stuli niliyoikalia. Wiki mbili nzima nilikuwa natetemeka nisinyang'anywe lile darasa, nalia chooni, naona nimeonewa, na darasa lilikuwa lake. Mie ndiye niliyemnyang'anya, nikamsomea na risala. Niliona aibu mpaka nikasikia baridi. Nililia pale barazani kwa watu, na sikujifuta.

Kisha nikafanya alichonifundisha daktari. Nikachezesha miguu kwanza, nikabana mapaja, nikahesabu, nikanyanyuka polepole nikishika ukuta. Nikamrudishia stuli yake.

"Anasoma, mwalimu," nikamwambia. "Kaa nikuhadithie."

Ijumaa nilisimama kikaoni dakika mbili, nikalifuta azimio nikisema wazi nililifanya kwa kiburi na ni nani aliyekilipia. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Tukafungua stoo. Mchwa walikuwa wamekula viti vingi, vikabaki vitano, kimoja kina mguu unaocheza. Nikachukua hicho.

Jumatatu nikaingia darasani nimekibeba. Wakasimama, wakaniamkia, nikawaambia wakae, wakakaa, macho yote kwenye kiti.

"Mwalimu wenu wa darasa la kwanza anawasalimia," nikasema.

Wakatazamana. Kisha mmoja wa mapacha akauliza, "Mwalimu Stuli?" na darasa zima likalipuka, "Mwalimu Stuli! Mwalimu Stuli!" wanapiga madawati, wanacheka kwa furaha. Walidhani ndilo jina lake. Yule aliyekuwa hasemi akanyoosha mkono juu kabisa, nikamruhusu.

"Madam, mbona aliondoka?"

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yao, nikawaambia kwa nini.